Elektroni za milipuko ya Jua: kwa nini redio peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini tuhangaike na eksirei wakati spektrogramu ya redio (mchoro wa masafa ya mawimbi dhidi ya muda) tayari inaonyesha elektroni zikichomoka kwenye mlipuko wa Jua. Nimezichambua sana data za aina zote mbili, redio kutoka e-CALLISTO, mtandao wa vipokezi vya redio vilivyoko duniani, na eksirei kutoka kifaa cha STIX kilichomo kwenye chombo cha anga cha Solar Orbiter. Jibu langu: ukali wa redio haukuambii elektroni ni ngapi.

Chukua mawimbi ya redio ya aina ya III, yale yanayotolewa na elektroni zinazokimbia kutoka kwenye Jua. Kwenye spektrogramu ni mstari unaoporomoka kutoka mamia ya megahezi hadi makumi ndani ya sekunde chache. Masafa yanashuka kwa kuwa elektroni zinapanda kwenye korona (angahewa ya nje ya Jua) inayozidi kuwa nyepesi, na masafa ya plazima, yaani ya mtikisiko wa gesi hiyo ya elektroni na ioni, hufuata kipeuo cha pili cha msongamano. Penye elektroni milioni 100 kwa kila sentimita ya ujazo, utapata kama megahezi 90. Hapo unakadiria kasi, na mara nyingi inafika sehemu kubwa ya kasi ya mwanga. Utamu wake hauishi! Ila mawimbi hayo yanatokana na plazima kutikisika kwa pamoja, hivyo elektroni chache zinaweza kung'aa kupita kundi kubwa.

Eksirei kali hutoka kwa elektroni mojamoja inapopindishwa na ioni (atomi yenye chaji), kwa hiyo spektra yake, yaani mgawanyo wa nishati zake, inakuwezesha kukadiria idadi. Lakini inataka maada nzito, yaani iliyosongamana. Ndiyo maana hung'aa zaidi miguuni mwa kitanzi cha sumaku, kwenye kromosfia (tabaka la chini ya korona), na ndiyo maana chanzo ambacho setilaiti ya Yohkoh ilikiona juu ya kilele cha kitanzi tarehe 13 Januari 1992 kilizua mjadala mkubwa. Huko juu mikrowevu (mawimbi ya redio ya masafa ya juu zaidi) ndiyo msaada, maana elektroni zikizunguka kwenye uga wa sumaku hung'aa hata pasipo maada nzito.

Ukianza kulinganisha, sahihisha kwanza muda wa mwanga. Solar Orbiter ikiwa kwenye 0.3 ya umbali wetu na Jua, inapokea eksirei karibu dakika 6 kabla redio haijatufikia, na tukio lenyewe ni la sekunde. Kisha angalia chombo kiko upande gani: huenda STIX inaiona miguu ya kitanzi ambayo kwetu imejificha nyuma ya ukingo wa Jua.