Maswali na majibu: matabaka katika majaribio ya dawa

Kura ya kuamua nani apate dawa gani si husawazisha pande mbili yenyewe? Matabaka, yaani makundi ya wagonjwa wanaofanana, ya nini tena?

Husawazisha watu wakiwa wengi. Chukua wagonjwa 40, mahututi 12. Kura ya haki kabisa inaweza kupeleka mahututi 9 upande mmoja na 3 upande wa pili. Ukiwatenga kwanza, kisha ukapiga kura ndani ya kila tabaka kwa mafungu ya wannewanne (wawili dawa mpya, wawili ya zamani), mahututi watagawanyika 6 kwa 6. Fungu ndilo linalofanya kazi: ukirusha shilingi tu ndani ya tabaka, umerudi ulikoanzia.

Nina makundi matatu ya umri, jinsia, hatua tatu za ugonjwa na hospitali kumi. Wagonjwa 200. Nimepanga vizuri?

Hapana, na nakusihi usianze hivyo. Zidisha: 3 × 2 × 3 × 10 ni matabaka 180, takriban mgonjwa mmoja kwa kila tabaka. Mafungu yako hayatajaa, na usawa unaoutafuta utayeyuka. Baki na hospitali na hatua ya ugonjwa. Umri na jinsia viingize wakati wa uchambuzi. Ukivitaka vyote, iko njia ya wanatakwimu Pocock na Simon ya 1975: kila anayeingia hupelekwa, kwa uwezekano mkubwa zaidi, upande utakaopunguza tofauti iliyopo.

Kwenye uchambuzi naweza kuyasahau matabaka?

Usiyasahau. Ukiyaacha, kosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio) huonekana kubwa kuliko lilivyo, na dawa inayofaa yaweza kuonekana haina kitu. Wagonjwa walijitolea miili yao. Kuitupa taarifa yao hivyo kunaniuma. Kwa majibu ya ndiyo au hapana, tumia mbinu ya Mantel na Haenszel ya 1959: hulinganisha dawa ndani ya kila tabaka, kisha huunganisha matokeo.

Dawa imefanya kazi tabaka moja tu. Nitangaze?

Subiri. Jaribio la ISIS-2 la 1988, lenye wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, lilionyesha aspirini inaokoa maisha. Watafiti walipowagawa kwa nyota za kuzaliwa, ilionekana haiwafai wa Mapacha na Mizani! Walifanya makusudi, kuonya. Pima kwanza kama tofauti baina ya matabaka inazidi ile ya bahati tu.

Mgonjwa wa miaka 61 aliandikwa 59, akaingia tabaka lisilo lake.

Mwache alipopangiwa, wala usirudie kura. Rekebisha umri kwenye kumbukumbu, kosa liandikwe.