Palu 2018: maboya siyo yaliyokwamisha

Kuna wanaosema tsunami ya 2018 iliua watu Palu, mji wa pwani wa Indonesia, kwa sababu maboya ya kutambua tsunami baharini yalikuwa mabovu. Hapana, hata maboya yangekuwa mazima yasingeiokoa Palu. Kweli yale 22 ya Indonesia yalikuwa yamekufa tangu 2012, mengine kwa kuharibiwa na kukosa fedha za matengenezo, lakini boya la tsunami hukaa bahari kuu kusoma wimbi linalotoka mbali. Tarehe 28 Septemba 2018 chanzo kilikuwa hapohapo ghubani: tetemeko la 7.5 na udongo ulioporomoka chini ya maji. Wimbi lilifika ufukweni ndani ya dakika chache.

BMKG, idara yao ya hali ya hewa na matetemeko, ilitoa tahadhari ya tsunami dakika kama 5 baada ya tetemeko. Pengo lilikuwa mwisho wa mnyororo: umeme umekatika, minara ya simu imelala, ujumbe haufiki. Na kipimo cha kupanda kwa maji ya bahari walichokuwa wakikisoma kilikuwa mji wa Mamuju, kilomita 200 hivi kutoka hapo, kikaonyesha wimbi la sentimita 6 tu!

Ndiyo maana serikali yao inafundisha 20-20-20: mtikisiko ukizidi sekunde 20, usisubiri king'ora, una dakika 20 kufika mwinuko wa mita 20. (Palu hata hizo dakika 20 hazikuwepo.)

Ila kwetu usiitegemee hiyo. Wimbi la Sumatra la 2004 lilichukua saa kadhaa kufika Mombasa na Dar, bila mtikisiko wa kukushtua. Huku kengele yako ni tangazo la TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.