Ndege ya Kolwezi

SWALI: Mama anaumwa magoti, nataka kumpeleka Kolwezi kwa ndege. Ni mwendo gani? — Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yangu, kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi Kolwezi ni kama kilomita 240 angani, barabara ya Likasi na Fungurume inakaribia 300. Ndege ya pangaboi hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa, lakini kuna kupanda na kushuka, kwa hiyo mhesabie dakika 40 hivi. Nilipokuwa nikipakia mizigo Luano, niliona wazee wakichoshwa na kusubiri, si kuruka. Na zile ngazi! Ni fupi lakini zimesimama wima. Omba mapema mtu wa kumshika mkono mama, na kiti cha kando ya njia, anyooshe mguu.