Mtoto wa miaka miwili anaharisha kila akinywa maziwa

Pole sana dada. Umesema mwanao alianza kuharisha mwezi uliopita, kuhara kukaisha, lakini sasa kila akinywa uji wa maziwa tumbo linaunguruma, linajaa gesi, na choo kinatoka majimaji yenye povu na harufu ya uchachu. Kwa umri huo, mara nyingi ni utumbo uliochubuliwa na kule kuharisha, haujaanza tena kutengeneza kimeng'enya cha laktasi kinachosaga sukari ya maziwa. Kwa kawaida hupona wiki chache.

Mimi ningeondoa maziwa ya ng'ombe wiki mbili, nione. Chunguza pia biskuti na nafaka za pakiti, nyingi zina maziwa ya unga. Kama bado ananyonya, usimwachishe! Baadaye mjaribishe mtindi usio na sukari, vijiko viwili vitatu baada ya chakula; bakteria wake wameshapunguza sehemu ya ile sukari, ndiyo maana wengi huuvumilia. Kalsiamu isikutie presha: dagaa waliosagwa na mifupa yao, ukitoa vichwa kama vinaleta uchungu, weka kwenye uji au mchuzi. Mchicha nao, ila dagaa ni bora zaidi.

Akivimba midomo, akitoka vipele au akikohoa kwa shida baada ya maziwa, hiyo ni aleji, mkimbize hospitali. Damu kwenye choo, uzito kushuka, macho kudidimia: usisubiri wiki mbili.