Maswali yenu: Ufaransa na ile mikataba ya ulinzi Afrika Magharibi

Hizi nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilipata uhuru 1960 kweli au ilikuwa danganya toto? Mbona wanajeshi wa Ufaransa hawakuondoka?

Uhuru walipata, bendera wakapandisha, kiti UN wakapewa, ila kuna makaratasi mengine walisaini. Soma ule mkataba wa 24 Aprili 1961 kati ya Ufaransa na Ivory Coast, Niger na Dahomey (ndo Benin ya leo). Mbele huko ni ulinzi ulinzi tu, ukifika kwenye viambatisho unakutana na mafuta, urani (madini ya nyuklia), hadi lithiamu, kwamba wakishatosheleza matumizi yao ya ndani basi mteja wa kwanza ni Ufaransa, na ulinzi ukihitaji wazuie kabisa kuuzia wengine. Lithiamu jamani, 1961! Sisi tumeijua juzi kwenye betri za simu.

Kwa hiyo rais akiwa na mkataba hapinduliwi?

Hapo ndo wengi wanachanganya. Rais alikuwa na haki ya kugonga mlango tu, yani kuomba jeshi la Ufaransa limsaidie, kufunguliwa ni shauri ya wenye nyumba, Paris. Mfano Gabon (najua iko katikati sio magharibi, ila mfano mzuri kuliko huu hamna), Februari 1964 wanajeshi wanamkamata Rais Léon M'ba usiku, haijapita hata siku mbili askari wa miamvuli wa Ufaransa wametua Libreville kutoka Dakar na Brazzaville, mzee karudishwa kwenye kiti na akakikalia hadi anakufa 1967. Haya, sasa nenda hapo jirani Brazzaville, Agosti 1963, Rais Fulbert Youlou wa Kongo kazingirwa na waandamanaji, Wafaransa wapo mjini humohumo na silaha zao, na bado akajiuzulu. Niger 1974 ndo inaniumiza zaidi, Rais Hamani Diori alikuwa anabanana na Paris kuhusu bei ya urani, Aprili akapinduliwa na mwanajeshi Seyni Kountché, mke wa Diori akauawa, na kikosi cha Ufaransa kilichokuwepo Niamey hakikunyanyua mguu.

Kuna aliyewaambia ondokeni mapema?

Wapo. Guinea ya Sékou Touré ilipiga kura ya hapana 1958 walipoulizwa kama wanataka kubaki kwenye jumuiya ya Ufaransa, na Modibo Keïta wa Mali akawafungisha virago 1961.

Si hata Nyerere aliita Waingereza 1964, tofauti iko wapi?

Aliita, na aibu yake hakuificha. Askari wa kambi ya Colito, Dar (Lugalo ya leo) waliasi 20 Januari, tarehe 25 makomando wa Uingereza wakashuka, yani kabla ya Gabon kwa wiki chache tu. Tofauti ni kilichofuata: aliitisha mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) hapohapo Dar, Waingereza wakapokelewa zamu na kikosi cha Nigeria, jeshi la zamani likavunjwa, likaja jeshi jipya, JWTZ. M'ba yeye alibaki analindwa na walewale waliomrudisha.

Na leo bado wapo?

Wamebaki kiduchu. Mali walitoka 2022, Burkina Faso na Niger 2023, Chad Januari 2025, Senegal Julai 2025. Ile kambi yao kubwa ya Port-Bouët pale Abidjan ilikabidhiwa Februari 2025, na sasa ina jina la Thomas d'Aquin Ouattara, mkuu wa kwanza wa majeshi ya Ivory Coast.