Mdogo Wangu, Umri Wako Unahesabiwa: Ushauri kwa Wanaoingia Ligi Ndogo za Besiboli

Kwa misimu minne nilikuwa dobi wa timu moja ya Double-A, daraja la pili kutoka juu katika ligi ndogo, kusini mwa Marekani. Nilifua jezi, nikapanga viatu, na kila alasiri nilisugua mipira mipya kwa tope la mto Delaware ili ngozi yake ipoteze utelezi kabla ya mchezo kuanza. Dobi huwa miongoni mwa watu wa kwanza kujua nani anaondoka, kwa kuwa ndiye anayeagizwa kubandua karatasi ya jina iliyo juu ya kabati la mchezaji. Nimebandua nyingi, na baadhi zilikuwa za vijana waliofika wakiwa na kipaji kuliko wenzao waliobaki. Nawaandikia ninyi wa Afrika Mashariki kwa sababu njia hii imeanza kuwafikia: mwaka 2022 Dodgers, klabu ya ligi kuu ya Marekani, waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na baadaye klabu nyingine, Pirates, ikamsaini mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) David Matoma, naye wa Uganda. Watakaofuata wasiingie wakiwa wamefumbwa macho.

Kwanza ielewe ngazi unayoipanda. Klabu za ligi kuu ni 30, na tangu mwaka 2021 kila moja ina timu nne za ligi ndogo, yaani A ya chini, A ya juu, Double-A na Triple-A, jumla timu 120. Chini ya hizo kuna ligi za vituo vya mazoezi vya Arizona na Florida, na chini zaidi kuna ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi waliosainiwa nje ya Marekani huanzia. Tangu mwaka 2024 klabu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya wachezaji 165 wa ligi ndogo ndani ya Marekani, ilhali timu ya ligi kuu kwa sehemu kubwa ya msimu ina nafasi 26 tu, na karibu zote zina wenyewe. Pima mwenyewe.

Jambo ambalo wageni wengi huchelewa kulielewa ni kwamba takwimu zako hazisomwi peke yake. Husomwa pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa. Msimu wangu wa pili walikuwapo wachezaji wawili wa eneo la ndani la uwanja waliogombea nafasi moja. Mmoja alikuwa na miaka 25 na alipiga kwa wastani wa .290, yaani mapigo 29 yaliyofaulu katika kila zamu 100; mwenzake alikuwa na miaka 20, alipiga .240, na makosa yake ya kudaka yalituumiza zaidi ya mara moja. Mwezi Julai aliyepandishwa Triple-A ni yule mdogo. Yule mkubwa aliketi mbele ya kabati lake akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaniuliza, mimi dobi, kama nilikuwa nimeona kasoro yoyote katika mchezo wake. Sikuwa na jibu. Leo ningemwambia kwamba mchezo wake haukuwa na kasoro kubwa: klabu ilikuwa inamtazama mwenzake kwa jinsi atakavyokuwa miaka mitano mbele, na yeye kwa jinsi alivyokuwa siku ile. Aliye mdogo kuliko wenzake wa daraja lake husamehewa mengi. Aliyewazidi umri hudaiwa ushahidi kila wiki.

Kwa hiyo usimdanganye mtu umri wako, wala usikubali wakala au mkufunzi akuandikie miaka ya uongo. Waliofanya hivyo, na wamekuwapo wengi, waligunduliwa, wakapoteza mikataba na hata viza. Badala yake, jua tarehe zinazokuhusu. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini ya hapo hupewa misimu mitano kabla klabu haijalazimika kuamua kama itamwandika katika orodha yake ya wachezaji 40, yaani wale inaowalinda wasichukuliwe na klabu nyingine, na aliyesaini akiwa na miaka 19 au zaidi hupewa minne. Asiyeandikwa anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine mwezi Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba klabu hiyo imweke katika timu yake ya ligi kuu msimu mzima unaofuata, la sivyo imrudishe alikotoka. Kuachwa nje ya orodha, basi, kunaweza kukufungulia mlango mahali pengine, na ukiijua kanuni hii mapema hutaingia Novemba, mwezi wa uamuzi huo, ukiwa na hofu usiyoijua jina.

Kuhusu fedha, mna nafuu ambayo waliowatangulia hawakuipata. Mwaka 2023 wachezaji wa ligi ndogo walipata mkataba wao wa kwanza wa chama cha wafanyakazi, na mshahara wa Double-A ukapanda kutoka dola 13,800 kwa mwaka hadi 30,250, na ule wa vituo vya mazoezi kutoka 4,800 hadi 19,800. Makazi nayo hulipwa na klabu kwa wengi wao. Hata hivyo dola 19,800 si utajiri Marekani, na nyumbani watasikia neno dola tu. Waeleze wazazi mapema, kwa hesabu iliyoandikwa, ni kiasi gani utaweza kutuma na katika miezi ipi. Niliwahi kumwona kijana akiacha kula chakula cha jioni ili atume fedha za harusi ya binamu yake. Kufikia Agosti alikuwa amepungua hadi suruali ya jezi nikaibana kwa pini, na nguvu za kurusha zikamwishia. Wala usiipime thamani yako kwa fedha ya kusaini. José Altuve alifukuzwa katika majaribio ya klabu ya Astros huko Venezuela kwa ufupi wake, akarudi kesho yake, akasainiwa kwa dola 15,000, na mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Mfano ninaowasimulia zaidi vijana ni wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alikulia katika chumba kilichokuwa ndani ya jengo la klabu ya Randburg Mets, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi, na mwaka 2008 Pirates wakamsaini. Hakuwa mpigaji hodari; kilichombeba ni udakaji wake na utulivu wake, na kwa hivyo viwili alikaa katika ligi ndogo tangu mwaka 2009, daraja baada ya daraja, huku wengi aliosajiliwa nao wakifungashiwa virago. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanjani dhidi ya klabu ya Cubs, akawa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu, na katika zamu yake ya kwanza kabisa akafaulu kuupiga mpira uliorushwa na Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa wakati wake. Alikuwa na miaka 27. Hakukaa huko muda mrefu, lakini mlango aliupita.

Kocha akikuambia ubadili nafasi, usilipokee neno hilo kama tusi. Kenley Jansen wa Curaçao alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, katika ligi ndogo za Dodgers. Kupiga kulimshinda, mkono wake ulikuwa na nguvu ya ajabu, wakamfanya mrushaji mwaka 2009, na mwaka uliofuata alikuwa ligi kuu.

Jifunze Kihispania. Kiingereza utakikuta kila mahali, lakini nusu ya maarifa ya chumba cha wachezaji husemwa kwa Kihispania, na asiyekielewa hula peke yake. Linda pia usingizi wako, kwa maana mechi huchezwa Jumanne hadi Jumapili, msimu wa Double-A una michezo 138, na siku ya Jumatatu mara nyingi hupotelea ndani ya basi.

Hatimaye, kuhusu kuachwa. Wengi huachwa mwezi Machi, mazoezi ya majira ya kuchipua yanapokaribia kwisha: utaitwa ofisini asubuhi kabla hujabadili nguo, mazungumzo hayatafika dakika tano, na utapewa karatasi na tiketi. Viza yako imefungamana na kazi, kwa hiyo muulize msimamizi siku hiyohiyo una siku ngapi za kubaki nchini, kisha umpigie wakala wako kabla ya kumpigia mama, kwa sababu klabu nyingine huwa zinatafuta wa kuziba mapengo wiki hiyohiyo. Pasipoti iwe mikononi mwako muda wote, isiwe kwa wakala. Glavu na viatu ni mali yako. Viombe kwa dobi, naye atakupa pia ile karatasi ya jina ukiitaka. Niliwapa wote walioomba.