Mzee wa Santuri Anajibu

SWALI: Shikamoo mzee. Baba anasema bendi za Atomic na Jamhuri za hapa Tanga zilikuwa jazz. Nimemsikiliza Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, mbona havifanani hata kidogo? (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako yuko sahihi, na masikio yako pia. Kwetu "jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi: magitaa, tumba, saksafoni. Ukilipa kiingilio unacheza rumba, chacha na twist. Miles alirekodi Kind of Blue New York mwaka 1959. Ninaipenda, lakini ile ni ya kukaa kitini usiku, mvua ikinyesha.

Wewe anza na gitaa la Wilson Kinyonga. Yeye na nduguye George walipita Jamhuri, wakaenda Arusha, kisha Kenya walikoitwa Simba Wanyika. Tafuta santuri yenyewe, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo unakatwa pale pale unaponoga, unainuka kugeuza upande wa pili. Yangu inaruka, nimeegesha sarafu juu ya kichwa cha sindano, inakwenda. Mikwaruzo ipo, lakini besi unaisikia tumboni.

Kwenye televisheni usinipeleke. Juzi nimeona bendi ikijifanya inapiga, gitaa halina hata waya! Mpiga tumba kapitwa na tumba lake mwenyewe. Nikazima, nikarudi kwenye sarafu yangu.

Msalimie baba. Kama bado ana santuri za Atomic, asizianike juani.